Kaniki, Ngozi na Jina: Maana za Weusi katika Fasihi ya Kiswahili

Neno weusi lina utata wa kisarufi ambao wahakiki wetu wameupita kwa haraka. Umbo hilo moja ni nomino dhahania inayotaja rangi, na papo hapo ni kivumishi cha wingi kinachoweza kusimama badala ya watu. Tukisema "weusi wake" tumetaja sifa. Tukisema "weusi walikataa" tumetaja umma. Ni upatanisho wa kisarufi pekee unaoitenga rangi na watu wake. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba umoja huo wa umbo umetughilibu. Umetufanya tudhani kuwa katika fasihi ya Kiswahili, kama ilivyo katika fasihi za Ulaya na Marekani, weusi ni jambo la ngozi kwanza. Maoni yetu ni kwamba huku pwani weusi wa kudharauliwa ulivaliwa kabla haujasomwa mwilini, na kwamba mhakiki asiyezijua nguo aweza kuisoma dharau nzima asiitambue.

Wanafunzi wetu wa uzamili, wanapoandika tasnifu kuhusu mada hii, aghalabu huanza na Frantz Fanon na kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu ngozi nyeusi na vinyago vyeupe. Hatuwalaumu, Fanon ni mwalimu mkubwa. Lakini Fanon alizaliwa Martinique, mahali ambapo lugha ya bwana ilikuwa imekwisha kuifanya ngozi kuwa jina la mtu. Kiswahili hakikwenda njia hiyo. Mzungu hakuitwa kwa rangi yake, wala Mhindi, wala Mwarabu. Maneno ya rangi yalipotumiwa kwa watu yalipima tofauti ndogo ndogo baina ya watu wa mji mmoja, pengine wa nyumba moja: huyu mweusi, yule maji ya kunde, mwenzao mweupe, na wote ni ndugu. Kweli, lugha hii inamsifu mtu wa moyo mweupe, na katika Sura ya Aal Imran, aya ya 106, wasomaji wa pwani walikutana na nyuso zitakazokuwa nyeupe na nyuso zitakazokuwa nyeusi Siku ya Kiyama. Hiyo, hata hivyo, ni rangi ya hali, si ya nasaba: uso wowote waweza kupatwa nayo. Kutokana na hoja hii wako waliohitimisha kwamba Kiswahili hakina ubaguzi wa rangi. Hitimisho hilo ni la haraka mno, na Siti binti Saad ndiye shahidi wetu.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880 au karibu na hapo, kwa wazazi waliokuwa na asili ya bara na waliopitia utumwa. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kabla sauti yake haijamfikisha kwenye mabaraza ya wakubwa, na mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Mji ulipomkubali ulimpa jina la Siti, yaani bibi mwenye hadhi. Si wote waliomkubali. Mahasidi wake walimtungia wimbo wa kejeli ambao mpaka leo unajulikana kuliko nyimbo zake nyingi. Wimbo huo unamhoji amekuwa mtu lini, unamkumbusha kuwa ametoka shamba akiwa na kaniki, na kumwuliza angekula nini kama si sauti.

Msomaji anayetafuta weusi wa ngozi katika kejeli hiyo hataupata. Hakuna pua, hakuna nywele, hakuna rangi ya mwili. Kuna shamba na kuna kaniki, basi. Lakini kaniki ni nini? Ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili mpaka buluu yake ikakoza na kukaribia weusi, na katika Unguja ya karne ya 19 ndicho kilichokuwa vazi la wajakazi na wanawake mafukara. Aliyetaja kaniki alikuwa ametaja soko la watumwa, jembe la karafuu, nasaba isiyoulizwa na mwili uliozoea jua, yote kwa silabi tatu. Tena aliyataja bila kulazimika kuyasema, na huo ndio werevu wa matusi ya mjini. Hali ya utumwa ilikuwa imefutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Sheria iliondoa hadhi ya mtumwa; nguo ilibaki katika ndimi za watu.

Rangi hiyo hiyo, ikikatwa kwa mshono mwingine, iligeuka heshima. Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), ameeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki, wakashika kanga, na baadaye wakajitanda buibui. Buibui nalo ni jeusi. Kilichokuwa aibu kiunoni mwa mjakazi kikawa staha mabegani mwa mwungwana, na yamkini mwili uliokuwa ndani ulikuwa ule ule. Mhakiki atakayetuambia kwamba weusi katika utamaduni huu ni ishara ya maovu, au kwamba ni ishara ya fahari, hana budi kwanza atuambie ni weusi wa kitambaa gani.

Jibu la Siti kwa mahasidi wake linastahili uangalifu kuliko linaopewa kwa kawaida. Hakuitukuza kaniki. Hakusema kwamba shamba ni bora kuliko mji, wala hakudai uzuri ambao walikuwa wamemnyima. Alisema kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Yaani aliiacha mizani yao pale pale ilipo na kuleta nyingine. Shaaban Robert, aliyekutana naye muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1950 na kuandika Wasifu wa Siti Binti Saad, alivutiwa hasa na ushindi huo wa kipaji dhidi ya nasaba.

Kwa Shaaban Robert mwenyewe ndiko tunakoona weusi ukihama kutoka kwenye nguo kwenda kwenye ngozi. Alikuwa karani wa serikali katika Tanganyika ya Waingereza, ambamo shule zilitengwa kwa rangi, na ambamo hata uchaguzi wa mwaka 1958 uliendeshwa kwa utaratibu wa kura tatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Katika mazingira hayo kaniki haikuwa na kazi tena. Mtu angeweza kuvaa kanzu safi au suti na bado akaonyeshwa mlango wa nyuma. Shairi lake la "Rangi Zetu" linaijibu hali hiyo kwa kuzihesabu rangi zote za wanadamu kuwa pambo, si kasoro. Tunaliheshimu shairi hilo, ila tunakiri kwamba linatuacha na kiu. Usawa wa rangi zote mbele ya Mola ni itikadi njema, lakini karani aliyebaguliwa hakubaguliwa kwa kuwa na rangi. Alibaguliwa kwa kuwa na rangi moja mahususi. Siti alikuwa mkali zaidi, labda kwa sababu waliomtukana alikuwa akiwajua kwa majina.

Hapa ndipo tofauti na Negritude inapojitokeza. Aimé Césaire, Léopold Senghor na Léon Damas, vijana wa jarida la L'Étudiant noir la mwaka 1935 mjini Paris, walilichukua tusi la Kifaransa, nègre, wakalivaa kama taji. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa tusi lilikuwepo, neno moja lililofunga pamoja rangi na utumwa. Mshairi wa Kiswahili hakuwa na neno kama hilo la kugeuza. Alikuwa na mshenzi, alikuwa na mtu wa bara, alikuwa na kaniki, na hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja rangi ya mwili.

Atakayejaribu kumtafsiri Césaire kwa Kiswahili atakwama papo hapo. "Mtu mweusi" ni safi mno. Halina jeraha ndani yake. "Mwafrika" limekwisha kusafishwa na siasa za uhuru. Neno lenye uzito unaotakiwa lipo, na halihusu rangi hata kidogo. Ndilo jina alilopewa mtoto wa kike wa Fumba siku alipozaliwa.