Heko kwa Wafufuaji wa Honda Monkey

Mwaka 1961 Honda ilitengeneza Z100, pikipiki ndogo ya cc 49, kwa ajili ya watoto waliotembelea bustani ya michezo ya Tama Tech, Tokyo. Monkey za aina ya Z50 zilizofuata ziliuzwa hadi Marekani, na nyingi zikaishia kuozea mabandani. Heko kwa mafundi wanaozifufua! Pistoni ikiwa imeng'ang'ania ndani ya silinda, fundi wa kweli hakimbilii nyundo. Hufungua plagi, humimina mafuta mepesi tunduni, husubiri hata siku kadhaa, ndipo huijaribu krenki kwa mkono: kidogo mbele, kidogo nyuma. Nati iliyoshikwa na kutu huipasha moto. Tangi huliloweka kwa siki. Vipuri vipya vinauzwa, lakini namheshimu zaidi anayeiokoa bolti ya kiwandani.