Fungu la Rehema: Mirathi katika Nyota ya Rehema

Riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed, Nyota ya Rehema (1976), aghalabu husomwa kama hadithi ya mnyonge na mwenye mali. Usomaji huo ni sahihi, lakini waacha nje kiini cha ugomvi: mirathi. Fuad amkataa bintiye Rehema kwa weusi wake. Akishakufa, Karim, mume wa Salma, aja kulidai shamba analolilima Rehema na mumewe Sulubu. Wako wanaoona hapo sheria ya Kiislamu ikimdhulumu mwanamke. Sivyo. Rangi ya ngozi haifuti nasaba ya mtoto wa ndoa. Mkwe si mrithi; aweza tu kulisemea fungu la mkewe, na mabinti hurithi sawa kwa sawa. Ikiwa shamba lilikuwa hiba iliyokabidhiwa Fuad yu hai, limetoka katika mirathi. Ikiwa halikuwa, Rehema analo fungu lake humo. Kwa njia zote mbili dai la Karim la kumtoa halisimami. Basi mshtakiwa wa riwaya si sheria, bali cheo kilichoipita. Asiyeyajua mafungu hayo hatakipima sawasawa kisa cha Sulubu kumwua Karim.