Ruta Isiyouliza Maswali

Ukitaka kujua kama kifaa cha intaneti ni rahisi kufunga, usikipime Posta, Dar es Salaam. Kipime Kintinku, wilayani Manyoni. Boksi linashushwa na basi la Dodoma kwenda Singida, linapokelewa na mwalimu au mwenye duka ambaye hajawahi kushika ruta, na fundi wa mitandao wa kumwita huenda akatokea Dodoma. Mpokeaji ana simu, laini na umeme. Akikwama hatua ya pili, boksi linaingia kabatini na hapo ndipo mradi unapofia.

Ruta za zamani za laini zilikuwa na maswali mengi. Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1, ingia kwa jina "admin" na nenosiri "admin", kisha jaza APN, yaani jina la lango ambalo data zako hupitia ndani ya kampuni ya simu. Nani anaijua APN ya kampuni yake? Hata kwenye simu za batani hatukuijua. Tulitumiwa setingi kwa meseji, tukabonyeza "hifadhi", intaneti ikafunguka.

Kumbe jibu lilikuwa ndani ya laini siku zote. Kila laini imebeba namba ya utambulisho, IMSI, ambayo si namba yako ya simu. Tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi, na Tanzania ni 640. Mbili zinazofuata hutaja kampuni: 04 ni Vodacom, 05 Airtel, 09 Halotel. Ruta ya leo ikisoma 640 na 04, inatazama jedwali lililopakiwa kiwandani, inachukua APN inayohusika na kujiunga yenyewe. Jina la biashara halina kazi hapo, ndiyo maana Tigo kugeuka Yas mwaka 2024 hakukumlazimu mteja kubadili laini. Tatizo ni jedwali lenyewe: lisipohuishwa, au ukiweka laini maalumu ya taasisi yenye APN yake, unarudi palepale kwenye kujaza kwa mkono.

Nenosiri nalo limehamia kiwandani. "Admin" ilikuwa rahisi kwa mwenye kifaa na rahisi zaidi kwa mwizi. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilivamia kamera na ruta duniani kote kwa kujaribu tu orodha ya manenosiri ya kiwandani. Sasa ruta nyingi hutoka na nenosiri la peke yake kwenye stika ya chini, mara nyingi pamoja na msimbo wa QR. Elekeza kamera ya simu, umeunganishwa. Ni mara chache usalama na wepesi vinapatikana kwa stika moja.

Walioliendeleza wazo hili la kumaliza maandalizi kiwandani hapa Afrika Mashariki ni kampuni ya BRCK ya Nairobi, iliyotokana na timu ya programu ya Ushahidi. Mwaka 2013 walichangisha zaidi ya dola 170,000 kupitia tovuti ya uchangishaji ya Kickstarter ili watengeneze ruta yenye betri ya saa nane, inayohama yenyewe kutoka kwenye waya hadi kwenye laini. Mimi navutiwa zaidi na Kio Kit yao ya 2015: sanduku gumu la magurudumu lenye tableti 40 za wanafunzi, na ruta yenye masomo ndani yake. Tableti huchajiwa bila waya zikiwa kwenye nafasi zake. Mwalimu haunganishi kitu, maana vifaa vimefahamiana kabla ya kufika darasani. Gharama ya busara hiyo ni kufungwa kwa muuzaji mmoja.

TANESCO, shirika la umeme, walipita njia nyingine kabisa ya kumwondolea mteja maswali. Mita ya LUKU ya kawaida haina mtandao wa kufunga. Ujumbe, yaani tokeni ya umeme ulionunua, ni tarakimu 20, na anayeusafirisha ni wewe mwenyewe, kwa vidole. Hakuna kifaa rahisi kuanza nacho kuliko hicho. Lakini wepesi huo ulikuwa na deni, nalo lililipwa 2024. Tokeni za mfumo huo zilihesabu dakika tangu 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inakwisha tarehe 24 Novemba. Mita isiyo na mtandao haihuishwi kutoka ofisini, kwa hiyo wateja tuliingiza mafungu matatu ya tarakimu 20, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule.

Pale ninapowalaumu watengenezaji wa ruta ni kwenye taa. Wameondoa maswali, wakaondoa na maelezo. Laini haijasomwa: taa nyekundu. Mnara haupatikani: nyekundu. Bando limeisha: kwenye baadhi ya ruta taa inabaki ya kijani, na mtu anashinda akizima na kuwasha. La kwanza linatibiwa kwa kupachika laini upya, la pili kwa kuisogeza ruta dirishani, la tatu kwa vocha. Kifaa kinachoweza kuisoma laini kinaweza pia kufungua ukurasa kwenye simu ya mtumiaji na kumwambia kwa Kiswahili lipi kati ya hayo ndilo lake.

Na ipo hatua moja ambayo hakuna kiwanda kitakachoiondoa: usajili wa laini kwa alama za vidole. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianza kuzifunga laini zisizosajiliwa hivyo Januari 20, 2020, na ruta haina kidole. Kwa hiyo kabla ya kufungua boksi, weka laini hiyo kwenye simu yako, hakikisha imesajiliwa, nunua bando, fungua ukurasa wowote wa intaneti. Ikikubali kwenye simu ndipo uihamishie kwenye ruta.