Macho Yanayokutazama

Ukisimama mbele ya ukuta wa Faces and Phases, unachokutana nacho kwanza ni macho. Picha nyeusi na nyeupe zimepangwa safu juu ya safu, kila moja na mtu wake, na kila mtu anakutazama usoni. Wachache sana wanatabasamu. Zanele Muholi, mpiga picha mzaliwa wa Umlazi karibu na Durban, aliianza kazi hii mwaka 2006, na imeshapita picha 500. Waliomo ni wanawake Weusi wapendao wanawake, pamoja na watu waliobadili jinsia, wengi wao wa Afrika Kusini.

Mwaka huohuo nchi yao iliruhusu ndoa za jinsia moja. Mitaani, hata hivyo, walikuwa wakibakwa na kuuawa. Muholi alikwisha kupiga picha za makovu yao, na zinauma kuzitazama. Kisha akageukia nyuso, na hapo ndipo ufundi wake ulipokomaa.

Tazama anavyoishughulikia ngozi nyeusi. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha wastani. Ukiiachia iamue yenyewe, uso mweusi mbele ya ukuta mweupe unageuka kivuli kisicho na pua wala shavu. Kwa Muholi hakipotei kitu. Unauona mng'ao wa paji la uso, weusi unaozidi kukolea chini ya taya, mshono wa kola ya shati lililofungwa vifungo vyote. Nyuma kuna ukuta wa matofali, au kitambaa chenye maua, basi. Hakuna cha kukuvuta macho umkwepe mtu huyo.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni kurudi kwake. Baada ya miaka humpiga picha tena mtu yuleyule: mwili umejaa, nywele zimenyolewa, pengine hata jina limebadilika. Hilo halipatikani kwa kamera ya bei kubwa. Mtu aliyehisi ameibiwa sura yake hatakaa mara ya pili mbele ya lenzi ileile. Muholi huwaita watu hao “washiriki”, na ukiziweka picha mbili za mtu mmoja pamoja unaona kwamba jina hilo ni la haki: mabega ya picha ya pili yametulia zaidi.

Wapo ambao hawakuifikia picha ya pili. Busi Sigasa, mshairi, ambaye picha yake ya 2006 ndiyo iliyoufungua mfululizo huu, alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 25. Katika maonyesho, baadhi ya nafasi ukutani huachwa tupu kwa ajili ya wasiokuwepo.

Waziri mmoja wa utamaduni wa Afrika Kusini aliwahi kuondoka kwenye maonyesho yaliyokuwa na picha za Muholi, akiziita kinyume cha maadili. Mwaka 2012 wezi waliingia nyumbani kwake wakachukua diski zaidi ya 20 zenye kazi ya miaka. Akaendelea kupiga picha.

Katika mfululizo mwingine, Somnyama Ngonyama, aligeuza lenzi kwake mwenyewe, na huko anafanya kinyume cha yote aliyoyafanya kwa wenzake. Ule uangalifu wa kuhifadhi kila kivuli anauweka kando. Anaukoleza weusi wa ngozi wakati wa kusafisha picha mpaka unakaribia mkaa, na weupe wa macho ndio unaobaki kuongoza. Hujivika waya za kusugulia masufuria, tyubu za baiskeli, glavu za mpira. Katika Bester I ya mwaka 2015 ni vibanio vya nguo: vimesimama kichwani kama taji, vimening'inia masikioni kama hereni, na midomo imepakwa nyeupe. Bester ni jina la mama yake, aliyefanya kazi za ndani kwa zaidi ya miaka 40. Nimeitazama sana picha hiyo, na kwangu ndiyo bora kuliko zote alizopiga, kwa sababu vibanio havijafichwa hata kidogo: unaona mbao zake na springi zake za waya, vibanio vilevile vya kuanikia nguo za watu, na bado aliyevivaa ni malkia.