Pembe ya Baruti Huharibikia Kitakoni na Nchani

Anayeanza kutengeneza pembe ya baruti, chombo cha mwindaji cha kubebea baruti ya bunduki, hapa Rusumo hukosea kabla hajashika msumeno. Huenda machinjioni, akakuta pembe za ng'ombe wa Ankole zimerundikwa kando, akachagua iliyo kubwa kuliko zote. Si ajabu. Ng'ombe hao ni fahari ya nchi hii tangu Ngara hadi Karagwe, na ng'ambo ya mto Kagera wafalme wa Rwanda waliwafuga inyambo kwa sifa na maonyesho kuliko kwa maziwa. Ila pembe inayopendeza kichwani mwa ng'ombe si lazima imfae mwindaji anayeining'iniza ubavuni.

Pembe ni vitu viwili vilivyoshikana. Nje kuna ganda la keratini, dutu ileile ya kucha na kwato. Ndani kuna mfupa uliochipuka kutoka kwenye fuvu, wenye damu na uhai wake. Kwa ng'ombe wa Ankole mfupa huo ni mnene lakini mwepesi, umejaa vitundu kama sega la nyuki, ndiyo maana mnyama hubeba pembe ya zaidi ya mita moja bila kuinamisha shingo. Ukishautoa, unabaki na uwazi mkubwa unaodai kizibo kipana. Na mbao, kadiri inavyokuwa pana, ndivyo inavyosinyaa na kuvimba zaidi majira yanapobadilika. Zebu wa wafugaji wa Kisukuma, waliojaa Biharamulo, wana kasoro ya upande wa pili: pembe yao ni imara lakini fupi, na sehemu kubwa ya ncha haina tundu. Mimi ningemshauri anayeanza atafute pembe ya chotara, ya sentimita 30 hivi, yenye pindo moja tu.

Tena iwe ya ng'ombe aliyechinjwa na kukaguliwa. Pembe ya mzoga uliookotwa porini inaweza kubeba vijidudu vya kimeta, navyo hudumu miaka mingi.

Kuutoa mfupa, wengi hukimbilia sufuria. Maji yakichemka, utando unaoushika mfupa hulegea, nawe ukigonga kitako cha pembe kwenye gogo mfupa huchomoka. Shida ni kwamba keratini nayo hulainika kwa joto. Pembe iliyosahauliwa motoni hujipinda, na safu zake huanza kubanduka, maana pembe hukua kwa tabaka, moja ndani ya jingine. Kuloweka ndani ya maji kwa majuma kadhaa kunanuka vibaya na majirani watalalamika, lakini ganda linatoka zima. Ningeivumilia harufu.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu katikati ya pembe ng'ombe amekwisha kuimaliza. Fundi anaachiwa miisho miwili.

Tuanze na ncha. Uwazi wa ndani haufiki mwisho. Sentimita kadhaa za juu ni keratini tupu. Anayeanza huwa na njia mbili za kuharibu. Ya kwanza ni kukata palepale uwazi unapoishia ili asitoboe kabisa. Anapata mdomo mpana wenye ukingo mwembamba, ambao hupasuka mara kizibo kidogo kinapokazwa. Ya pili ni kuiacha ncha yote na kuitoboa kwa keekee iliyonyooka, ilhali ncha imepinda. Keekee inatokea ubavuni na pembe imekwisha. Dawa ni spoku ya baiskeli. Iingize kutokea kitakoni mpaka ikwame, weka alama, kisha ilaze kwa nje ukiifuata pindo ya pembe. Sasa unajua uwazi unaishia wapi. Acha sentimita nne au tano juu ya hapo, kata, halafu toboa tundu jembamba ukielekea kwenye uwazi. Mafundi wa zamani walitoboa kwa chuma kilichotiwa moto, ambacho huweza kupindwa kidogo kifuate mkunjo. Chuma hicho kiguse na kutolewa, kiguse na kutolewa. Kikikaa, utasikia harufu ya nywele zinazoungua, na keratini iliyoungua huvunjika kama makaa.

Kazi hii si ngeni kwetu. Waumikaji hutoboa ncha ya pembe ndogo ya ng'ombe kutengeneza chuku, wanyonye hewa kwa kinywa, kisha wazibe tundu kwa nta. Anayetaka kujifunza kutoboa ncha angeanza kwao. Kwa mpiga baragumu la pembe ya mnyama asiende: mengi ya kwetu hutobolewa ubavuni, ncha ikaachwa nzima.

Kitako ni kigumu zaidi, na hapa ndipo pembe nyingi za kwanza hufa. Ukingo wake ni mwembamba, umechakaa na hauna umbo: si duara wala yai. Anayeanza huchonga kizibo cha duara, akakuta nafasi pembeni, akaijaza gundi. Ukutani itapendeza. Ikibebwa juani na kwenye mvua, gundi huachia upande mmoja, na baruti iliyoingiwa na unyevu haiwaki inavyotakiwa.

Njia iliyo bora ni kuilazimisha pembe badala ya kuubembeleza mti. Kata kwanza ule ukingo uliochakaa. Chonga gongo la mbao lenye umbo la pia. Tumbukiza kitako peke yake kwenye maji yanayochemka mpaka kilegee, lisukume gongo ndani kwa nguvu ya mikono, uache vikauke pamoja, walau usiku kucha. Keratini ikipoa hushika umbo jipya. Ndipo uchonge kizibo chenyewe, nacho kiwe cha mbao kavu kabisa. Mninga ni chaguo zuri, kwani ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo, na vipande vyake huokotwa kwa maseremala. Pakaza nta ya nyuki, gonga taratibu, kisha ukaze kwa vijiti vya mwanzi vilivyopitishwa kwenye matundu madogo kuzunguka kitako. Msumari hapana. Huota kutu, na chuma kinachoweza kugongwa kikatoa cheche hakina kazi karibu na baruti.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyoiweka pembe mikononi mwa wawindaji. Haitoi cheche, haioti kutu, haipitishi maji. Baruti ilipanda na misafara kutoka Zanzibar kupitia Tabora hadi Karagwe, ambako Speke na Grant walipokewa na Mfalme Rumanika mwaka 1861. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mwanya kwa gumegume na baruti ya kawaida. Bunduki ya kushindilia ikaendelea kuwa na soko.

Kuparua na kung'arisha hakuhitaji maneno mengi: kipande cha kioo, msasa, jivu na kitambaa. Anayeanza hupoteza muda wake mwingi hapa kwa sababu ndipo anapoona matunda ya kazi haraka.

Kupima, tia kizibo nchani uizamishe pembe ndani ya ndoo ya maji. Viputo vikitoka, rudi kitakoni. Halafu ijaze ulezi uone kama unateremka kwa mfululizo. Baruti haihitajiki katika jaribio lolote. Hata mwenye gobore halali hapaswi kumimina kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi mtutuni: cheche iliyobaki kutokana na mlio uliotangulia ingelipua pembe nzima mkononi. Hupimia kwanza kwenye kipimo kidogo, ndipo amimine na kushindilia kwa mdeki.

Nasema gobore halali kwa makusudi. Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya 2015 inataka kila silaha iwe na leseni, na misitu iliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019. Pembe ya nyati au palahala ni nyara ya serikali hata ikiokotwa. Ya ng'ombe ni mali yako, na mnunuzi wake leo ni mtu wa sanaa, kama wale wanaonunua vikombe na bangili za pembe ya Ankole Kampala.

Kabla ya kufunga mkanda, chonga mfereji mwembamba shingoni mwa ncha ili kamba isiteleze. Angalia pia pembe ilitoka upande gani wa kichwa. Ya kushoto na ya kulia hupinda kinyume, na ni moja tu itakayolala sawa na mbavu za mvaaji kwenye ubavu anaoutaka. Muulize kwanza anatumia mkono gani.