Toleo Jipya la Kamusi

Kila isikikapo kwamba kamusi yatolewa upya, sisi walimu hugawanyika: hawa huacha kununua wakingoja jipya, wale huapa kutoliacha la zamani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, ikafuatiwa na toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Hapa Kabeza, Kigali, mwanafunzi hutuuliza lipi ndilo la kweli. Wacheza igisoro hawawezi kufuata kanuni mbili juu ya ubao mmoja. Lugha haina sharti hilo. Toleo jipya huongeza na kusahihisha, lakini halifuti usemi wa watu. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kalamu yetu nyekundu imekuwa nzito zaidi: tusimnyime mtoto alama kwa neno alilofundishwa na kitabu cha jana.