Nyani Si Babu: Lugha ya Nasaba ya Viumbe katika Kiswahili

Sentensi moja hurudiwarudiwa katika maandishi ya Kiswahili yanayogusa asili ya viumbe: kwamba, kwa mujibu wa Darwin, "binadamu alitokana na nyani". Kosa lake ni la lugha kabla ya kuwa la sayansi. Nyani ni mnyama wa leo, mwenye mkia, ambaye wakulima wetu humfukuza shambani. Hawezi kuwa asili yetu, kwani naye amepita vizazi visivyohesabika mfano wetu. Alichodai Darwin, katika vitabu vyake vya 1859 na 1871, ni kwamba viumbe wana nasaba moja iliyotawanyika matawi. Hata sokwe mtu, aliye karibu nasi kuliko nyani, si mzazi wetu. Jadi yake na yetu ziliachana yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Huyo kwetu ni binamu.

Neno mageuzi nalo lina dosari. Limetokana na geuza, kitenzi kidaicho mtendaji: nani aliyegeuza? Msomaji aliyelelewa na hadithi za mtu kugeuzwa nyoka ataona hapa muujiza wa siku moja. Mageuko lingefaa zaidi, ijapokuwa halina budi kufafanuliwa kwamba kinachogeuka ni vizazi, si mnyama mmoja mmoja. Uteuzi asilia pia hudai mteuzi, wala mfasiri wetu asilaumiwe peke yake: Wallace alimwandikia Darwin mwaka 1866 akilalamikia neno lake la Kiingereza kwa sababu iyo hiyo.

Ngeli ndizo zenye mengi. Twasema ng'ombe huyu na ndugu huyu; ng'ombe zangu na ndugu zangu. Sarufi imekwisha kumweka mnyama na jamaa chini ya dari moja. Mti imeuacha nje, na uyoga vilevile, hali uyoga uko karibu na mtu kinasaba kuliko ulivyo karibu na mchicha! Siilaumu sarufi, kuainisha viumbe si kazi yake. Lakini mwandishi wa kitabu cha shule aandikaye "viumbe hai" akimaanisha wanyama tu amefungwa na ngeli pasipo kujua, na mwanafunzi wake hatafikiri kamwe kwamba mnazi na mvuvi wameandikiwa urithi wao kwa herufi zile zile za kemikali.

Kuhusu binadamu, neno lenye Adamu ndani yake, sioni haja ya kulikwepa. Bin ni neno la nasaba. Ninaloomba ni dogo: sentensi ile ifutwe, na mahali pake iandikwe kwamba mtu na nyani wana babu mmoja, aliyekwisha kutoweka.